Bi Mize na Pilipili za Mtowapaa

Enzi hizo za mbali, pilipili zote zilifanana: nyekundu, nyembamba, urefu wa kidole cha mwisho. Kali na za pole zilikaa bustani moja na jicho halikuweza kuzitenga. Ulimi ndio uliotambua, na katika kijiji cha Mtowapaa ulimi ulioaminiwa ulikuwa wa Bi Mize.

Kila asubuhi wanawake walimjia na vikapu vyao, wakaketi mkekani barazani pake. Alimega ncha ya kila pilipili, akaionja, akafumba macho. "Hii ya mchuzi wa samaki, shoga. Hii ina harufu, itie nzima kwenye wali, usiipasue. Hii mpe hata mtoto." Kazi ikiisha hakuna aliyenyanyuka. Walisuka ukili na kupeana habari za wagonjwa na za harusi, mpaka jua lipande ndipo wakumbuke vyungu. Bi Mize alizipenda asubuhi zile kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Miaka ikapita, ulimi ukaanza kufa ganzi. Akaficha, akihofia baraza kubaki tupu. Wakati huo baba yake, Mzee Faki, alikuwa ndiyo kwanza anainuka kutoka kwenye maradhi marefu ya tumbo, akatamani mchuzi. Bi Mize akaonja pilipili, akaona ni ya pole, akaikatia chunguni. Mzee alikula vijiko viwili tu, akajikunja. Kwa siku tatu hata uji haukukaa tumboni, na majirani wakaanza kusemezana kwa sauti za chini.

Siku ya nne mzee akafumbua macho.

"Baba, nisamehe," Bi Mize akasema. "Ulimi wangu hauonji tangu mwaka jana. Niliona haya kusema."

"Ungesema, mwanangu," mzee akajibu taratibu. "Ningekula mchuzi bila pilipili."

Bi Mize akaenda bustanini, akapiga magoti katikati ya miche. "Mmenilisha, mkaniletea watu," akaiambia. "Sasa siwatambui tena. Jionyesheni wenyewe, hata kama hakuna atakayekuja kwangu."

Miche ikasikia. Pilipili ya pole ikavimba, ikawa kama ngumi: ndiyo pilipili hoho. Yenye harufu ikajaa mikunjo: ndiyo pilipili mbuzi. Na kali kuliko zote ikasinyaa, ikasimama wima na ncha yake juu: ndiyo pilipili kichaa.

Wanawake walifurahi. Wakachuma wenyewe, wakapika mapema. Bi Mize alitandika mkeka kwa mazoea, akasuka peke yake, akimsikia baba yake ndani akiomba aongezewe mchuzi. Hakujuta. Lakini sauti zile za asubuhi alizikumbuka hadi mwisho wa umri wake.

Na tangu siku hiyo pilipili hujulikana kwa kutazamwa tu, hata mtoto akitumwa gengeni hakosei. Ila huko Mtowapaa, mche ukizaa mara ya kwanza, mwenye mche humwita jirani wachume pamoja, na jirani huyo haachiwi kuondoka mapema.