Maji ya Kuzirai Hayanyooshi Mdomo

"Maji ya kuzirai hayanyooshi mdomo." Usemi huu mmeusikia leo, vijana, pale mjumbe alipowakemea waliotaka kuziba kwa matope bomba lililopasuka, nanyi mkauliza: kuzirai na bomba vinahusiana vipi? Ni swali la haki. Ketini basi, maana usemi huu una siku yake na watu wake.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na nne, mwezi wa Machi, mwaka 1998, katika kijiji cha Kisereni, milimani Upareni. Siku hiyo alikuwa akizikwa mzee Mrutu, na kijiji kizima kilikuwa uwanjani kwake. Miongoni mwa wanawake waliokaa mikekani alikuwapo Naetwe, na ubavuni pake aliketi wifi yake Namkunda, dada mkubwa wa mumewe.

Namkunda alikuwa mtu wa kuzirai misibani. Hakuwa akijifanya, tusimsingizie. Alikuwa na desturi ya kutokula tangu msiba unapotangazwa mpaka udongo unapofukiwa, kisha husimama juani akiongoza nyimbo kwa sauti yake kubwa. Mwili gani utavumilia hayo? Kila jeneza liliposhushwa, Namkunda naye alishuka. Wanawake walikwisha kuzoea hata wakajipangia zamu: huyu jagi la maji, huyu kitunguu cha kunusisha, huyu kanga ya kupepea. Kumshika kichwa hakukuwa na zamu. Hiyo ilikuwa kazi ya Naetwe, kwa sababu ndiye wifi, na miaka nenda miaka rudi alikuwa akirejea nyumbani na gauni lililolowa, akinung'unika njia nzima.

"Ukila kidogo tu, wifi, utakufa?" alikuwa akimwuliza.

"Wewe huna uchungu," Namkunda alikuwa akimjibu. "Wenye uchungu hatuli."

Kwa hiyo Naetwe alikujua kuzirai kwa wifi yake kama ajuavyo mlio wa mlango wake. Kwanza Namkunda hupauka midomo na kutokwa jasho. Kisha husema, "Naona giza." Magoti hulegea yote mawili kwa pamoja, naye huanguka kama kanga iliyoteleza kambani. Akishalazwa chali na miguu kuinuliwa, haupiti muda ila hufumbua macho na kuuliza, "Wameshafukia?" Halafu huagiza chai ya tangawizi, hunywa vikombe viwili, na kusimama mzima kama kigongo.

Siku ile ya mzee Mrutu, mambo yalikwenda kombo tangu mwanzo. Jeneza lilikuwa bado ndani. Mzee Mbwambo, msimamizi wa mazishi, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusoma wasifu wa marehemu. Na Namkunda, kwa mara ya kwanza, alikuwa amekubali kula. Alikuwa ameshika bakuli la makande kwa mkono wa kulia, mara bakuli likamponyoka, naye akaegemea upande huohuo wa kulia, polepole, kama gunia lililowekwa vibaya.

"Haya! Leo ameanza mapema," alisema Bi Anaeli, mkuu wa akina mama, akacheka chini chini. "Mwenye zamu ya maji yuko wapi?"

Naetwe alihisi hasira ikimpanda. "Hata jeneza halijatoka ndani, wifi!" alinong'ona huku akimpokea kichwa. Maji yakamwagwa. Kitunguu kikaletwa. Kanga zikapepea. Namkunda hakuuliza kama wameshafukia. Macho yake yalikuwa wazi muda wote, yakimtazama Naetwe kwa hofu, na maji aliyomwagiwa usoni yalikuwa yakiingia kwenye pembe ya kulia ya mdomo na kutoka tena. Pembe hiyo ilikuwa imeshuka.

Hasira ya Naetwe ikageuka baridi.

"Wifi, hebu tabasamu," alisema.

"Naetwe!" Bi Anaeli alishtuka. "Unamwambia mtu atabasamu msibani?"

"Tabasamu, wifi yangu. Nionyeshe meno."

Upande mmoja wa uso ukatabasamu. Wa pili ukabaki umelala.

"Inua mikono yote miwili." Wa kushoto ukainuka, wa kulia haukutikisika. "Nitajie jina la mdogo wako, mume wangu." Namkunda akajitahidi, lakini kilichotoka ni mkoromo usio na neno ndani yake.

"Hiki ni kiharusi," Naetwe alisema.

"Ni upepo tu," alisema mmoja.

"Ni njaa," alisema mwingine, ilhali makande yalikuwa yamemwagika mbele yake.

"Si sote tulikuwa zahanati siku ile ya mafunzo ya kiharusi?" Naetwe aliuliza. "Muuguzi hakutufundisha? Uso, mikono, maneno! Mlikuwa mnasikiliza, au mlikuwa mnasukana nywele?"

"Mwanamke huyu tumemwamsha mara ngapi?" Bi Anaeli alijibu, akiwa tayari amekwisha kuegemeza kikombe cha chai ya tangawizi kwenye mdomo wa mgonjwa. "Akipata cha moto ataamka."

Namkunda akapaliwa. Alikohoa kikohozi kibaya, cha mtu anayezama nchi kavu. Naetwe akakipiga kile kikombe kikaruka. "Msimtie kitu mdomoni! Hawezi kumeza! Mnataka imwingie mapafuni?"

Huku nyuma, mwenye zamu, kwa mazoea tu, akaleta jagi jingine. Hapo ndipo Naetwe alipochoka. Alisimama, akapaza sauti mpaka Mzee Mbwambo akakatiza kusoma.

"Mwageni! Mwageni Mto Pangani wote kama mnapenda! Maji ya kuzirai hayanyooshi mdomo!"

Gari lilikuwa moja tu, la Kajiru, lililoleta mabenchi na ndugu kutoka Same. Naetwe akaomba liwashwe.

"Mwanangu," alisema Mzee Mbwambo kwa upole wenye makali, "hapa pana marehemu. Hakuna gari linaloondoka kabla ya udongo. Ndivyo tulivyorithi."

Naetwe akapiga goti. "Baba, kwa heshima yako yote. Marehemu anaweza kutusubiri, hana anachochelewa. Wifi yangu anachelewa."

Mzee akasogea, akainama, akautazama ule mdomo. Kisha akakunja karatasi yake. "Kajiru, washa gari. Ninyi, ondoeni mabenchi njiani. Mrutu atatusamehe, naye alikuwa mtu wa haraka."

Namkunda akalazwa kwa ubavu nyuma ya gari, kichwa kikiwa mapajani mwa wifi yake. Hospitalini walipoulizwa ilianza saa ngapi, Naetwe hakubabaika: bakuli lilimponyoka wasifu ulipoanza kusomwa, nao ulianza saa saba na nusu, kama mchungaji wa mazishi alivyotangaza uwanjani. Daktari akaandika. Alimweleza kwamba mshipa wa damu kichwani umeziba, na kwamba presha, ambayo Namkunda alikuwa ameacha kuinywea dawa kwa kuwa kichwa hakimwumi tena, ndiyo iliyofanya kazi hiyo. "Anayezirai hurudi mwenyewe upesi akilazwa," alisema. "Asiyerudi, au aliyepinda uso, au aliyelegea upande mmoja, msimsubiri. Mngezidi kumnywesha ile chai, ningepokea maiti."

Namkunda alipona, ingawa si kabisa. Mkono wa kulia ulibaki mzito, na maneno yalirudi moja moja, kama kuku wanaorudi bandani. Aliaga kuongoza nyimbo, na hilo lilimwuma kuliko mkono.

Msiba uliofuata, Namkunda aliketi kivulini, ameshiba. Jeneza liliposhushwa, binti mmoja wa jirani akapauka, akalegea magoti, akaanguka. Mwenye zamu alikuja mbio na jagi, kisha akasimama ghafla, na wanawake wote wakamgeukia Namkunda.

Namkunda alijivuta maneno, taratibu. "Mdomo... umenyooka? Mikono yote... inainuka? Anaongea?"

Binti akafumbua macho. "Nimeanguka?" akauliza, akainua mikono yote miwili kujifunika uso kwa aibu.

"Basi huyo... ni wa kulaza na kuinua miguu. Lakini mdomo ukipinda, tafuteni gari. Maji ya kuzirai... hayanyooshi mdomo." Akapumzika, kisha akamtazama Naetwe kwa jicho la zamani. "Nawe wifi, umekaa tu. Chai yangu iko wapi?"

Naetwe akainuka akinung'unika, na alinung'unika njia nzima mpaka jikoni, akifuta machozi.

Sasa mnajua kwa nini mjumbe aliwakemea wenye matope. Kila dhara lina dawa yake, na dawa tuliyoizoea huweza kumwua tunayempenda. Wewe uliyesikia, usiufungie usemi huu kifuani: kabla jua halijazama, mwambie mama, mwambie jirani, mwambie mwenye gari. Maji ya kuzirai hayanyooshi mdomo.