Bibi Mbuni na Goti Lake

— Paukwa!
— Pakawa.
— Mbona sauti za wagonjwa? Paukwa!
— Pakawaaa!

Afadhali. Maharage bado magumu, basi sikilizeni.

Zamani sana, nyasi za mbugani zikishika moto, Bibi Mbuni ndiye aliyekimbia kuwaambia nyumbu wenye watoto kule bondeni. Ana shingo ndefu, anaona moshi mapema. Kazi hiyo ilikuwa yake tangu ujana. Sasa alikuwa mzee.

Kila asubuhi alifanya mazoezi. Swala wakamcheka.

"Bibi, unakimbia au unatafuta sindano?"

Akaona aibu, akakimbia maradufu. Goti likalia: ka! ka!

"Bibi, leo nipumzishe."

"Nyamaza, wewe."

— Mama, goti linasema?
— La huyu linasema. Kaa chini.

Siku ya saba goti likavimba kama boga. Bibi akaanguka.

Akakasirika. "Si ulitaka kupumzika? Pumzika!" Akalala mwezi mzima, kazi yake kula tu. Uvimbe uliisha siku ya kumi, yeye bado kalala. Goti likalia: ka! ka!

"Bibi, leo nitembeze."

"Nyamaza, wewe."

Alipokuja kuinuka, mguu ulikuwa mkavu kama mchi. Hatua tano tu, pumzi imekwisha.

— Sasa nyumbu wataambiwa na nani?
— Ndilo alilojiuliza na yeye.

Akaketi na goti lake. "Haya, sema."

"Siku moja tukimbie, siku moja tutembee, siku ya tatu tulale. Nikiuma, tusimame."

Bibi akakubali. Swala wakacheka. Akawaacha wacheke.

Kiangazi kikafika. Siku ya kulala, moshi huo! Swala wakatimka, kila mmoja upande wake. Hakuna aliyewakumbuka nyumbu.

"Leo ni zamu yangu ya kulala," goti likasema.

"Najua. Lakini kule kuna watoto."

"Basi twende. Kwa mwendo wangu."

Kwenye mteremko wakatembea. Kwenye tambarare wakakimbia. Goti likilia ka, wanasimama, kisha wanaendelea. Moto nyuma yao.

Wakafika. Ndama mmoja wa nyumbu akasema, "Bibi, mwaka huu umechelewa."

"Nimechelewa. Vukeni mto."

Wakavuka wote. Wa mwisho alikuwa na majivu mkiani.

Funzo lake ni hili: mwili ukizeeka, usiache kuutembeza, lakini uulize kwanza.

Hadithi yangu imefika, kwa mwendo wake. Na maharage yameiva. Leteni sahani.