Kiti cha Boksi cha Tupokigwe

Ngoja kwanza, Lugano, acha kulipiga teke hilo lori lako la boksi. Limeinama tu, halijafa. Ulilipakia mawe kabla halijawa tayari, sasa unalilaumu. Si umemsikia bibi yako Tupo alivyokwambia alipopita hapa na sufuria? "Boksi halibebi mpaka likunjwe." Halafu wewe na dada yako Ipyana mkaanza kunong'onezana, eti bibi kaitoa wapi hiyo. Hakuitoa mbali. Methali hii ilizaliwa kwetu huku huku Rungwe, nikiona kwa macho yangu, na mwanzo wake ni huu.

Bibi yenu Tupo ni mdogo wangu, hilo mnalijua. Jina lake kamili ni Tupokigwe. Wakati huo alikuwa darasa la tatu, mimi la nne, na la nne ndilo nililoishia, kwa hiyo nikikosea mahali msinicheke. Shule yetu ilikuwa na madawati kwa wakubwa tu. La tatu walikaa chini kwenye saruji, na baridi ya huku mnaijua wenyewe, ukikaa chini asubuhi mpaka saa sita unainuka umekauka kama kuni. Darasa zima lilikuwa likikohoa. Mwalimu akisoma, wao wanakohoa, akinyamaza, wanakohoa.

Mwalimu wao aliitwa Subilaga. Mama mmoja mfupi, mpole, lakini akishika jambo haachii. Siku moja akaja na maboksi matupu ya sabuni aliyoomba dukani, akayamwaga katikati ya darasa. Akasema, "Madawati hatuna. Maboksi tunayo. Kila mtu atatengeneza kitu cha kukalia, na siku ya wazazi watakuja kuona." Watoto wakafurahi kweli. Mmoja akavaa boksi kichwani akawa askari, wengine wakaingia ndani wakawa kuku wanaatamia. Mwalimu akawaacha wacheze. Alisema mkono unaocheza na kitu unakizoea.

Sasa baba yetu, mzee Mwakajila, akasikia. Baba alikuwa mtu mzito, mzito wa mwili na mzito wa maneno. Akamwita Tupo uani.

"Nasikia siku hizi mnasomea takataka."

"Tunatengeneza viti, baba."

"Viti vya karatasi. Haya. Siku ya wazazi nitakuja. Nikikuta ni michezo, kesho yake unarudi nyumbani kuchunga ndama. Ndama angalau anakua."

Hakuwa na utani baba. Mama akajaribu kumsemea, baba akainuka akaenda kuangalia migomba yake. Ndiyo yamekwisha.

Basi Tupo akaanza. Mwalimu aliwaambia gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo, maji na unga, basi. Lakini nyumbani kwetu hakuna chungu kilichoinjikwa jikoni kikaipuliwa bila chumvi. Mama alituzoesha hivyo. Tupo akakoroga uji wake, na mkono ukaenda wenyewe kwenye chumvi, ukatia, akaonja, akaona barabara. Unanisikia, Ipyana? Alionja gundi. Akabandika boksi juu ya boksi, bapa juu ya bapa, akalianika uani likauke.

Lilipokauka nikakaa mimi, kujaribu. Lilibonyea katikati kama mgomba uliopigwa na mvua ya mawe, nikaketi chini. Nilicheka mpaka nikalia. Watoto wa jirani nao wakacheka, wakaanza kumwita "Fundi Karatasi", na hilo jina likamfuata mpaka shuleni. Akaliacha pale pale uani, akaingia ndani, akalala bila kula.

Asubuhi tukakuta ndama amekata kamba. Chumvi, mnaona. Ng'ombe na chumvi hawajawahi kugombana. Alikuwa ameramba kile kiti, akakichana, amekula nusu, na nusu nyingine iko mdomoni. Mimi nilidhani Tupo ataangua kilio. Hakulia. Alimnyang'anya ndama kile kipande, akakiangalia kwenye pembe iliyochanika, akakisogeza machoni.

"Kaka, njoo uone. Huku ndani kumekunjwa."

"Kumekunjwa nini?"

"Karatasi. Angalia, imepanda imeshuka, imepanda imeshuka, kama bati la kanisani."

Nikaangalia. Kweli. Boksi mnaliona bapa, lakini ndani lina karatasi nyembamba imekunjwa kama mawimbi ya bati. Na bati nyinyi mnalijua, likiwa bapa unalipinda kwa mkono, likiwa na mawimbi fundi anatembea juu yake.

Siku ile alichelewa shule, akachapwa viboko na mwalimu wa zamu, akarudi jioni akaanza upya. Akakata vipande virefu, akavikunja huku na huku kama bati, akavisimamisha wima ndani ya boksi, vimebanana, akafunika juu. Cha kwanza kililala upande. Akakitoa, akakunja mikunjo midogo zaidi. Vidole vikachubuka. Mama akamwambia, "Mwanangu, pumzika." Akamjibu, "Ndama hapumziki, mama, na mimi sitaki kwenda kwake." Safari hii hakutia chumvi.

Siku ya wazazi ikafika. Sasa kuna jambo la heshima hapa, na nyinyi mmelikuta. Kwetu hakuna anayetia mkono chakulani kabla aliye mkubwa kuliko wote hajakaa. Akina mama walikuwa wamepika ndizi na maharage, na maziwa ya mgando yapo kwenye vibuyu. Mkubwa siku ile alikuwa baba. Na darasani hakuna kiti chochote isipokuwa vya maboksi, vimepangwa ukutani. Mwalimu mkuu akataka kutuma mtu ofisini alete kiti cha mbao. Mwalimu Subilaga akamwambia kwa upole, "Mwalimu, tafadhali, mwache kwanza mtoto amkaribishe baba yake."

Tupo akaleta kile cha kwake. Akapiga goti kama inavyotakiwa.

"Baba, karibu ukae."

Baba akakitazama. "Hiki ndicho alichokula ndama?"

Watu wakacheka. Tupo hakucheka. "Kile kilikuwa bapa. Hiki nimekikunja."

"Na nikianguka hapa mbele ya watu?"

"Ukianguka, baba, kesho naenda kwa ndama, sitasema neno."

"Na nisipoanguka?"

"Unaniacha nisome."

Mzee mmoja nyuma akasema, "Mwakajila, kaa bwana, ndizi zinapoa." Mwingine akasema, "Lioneeni huruma boksi lile la sabuni, yeye mwenyewe ni magunia mawili." Baba alimtazama binti yake vile vidole vilivyochubuka. Akakusanya koti lake, akashuka polepole, kama mtu anayeingia maji ya baridi.

Boksi likalia, krii. Tupo yupo pale pale kwenye goti, hajainua macho.

Likanyamaza. Likashika.

Baba akajitikisa kidogo. Akajitikisa tena, kwa nguvu, maana alikuwa mbishi. Likashika tu. Akasema, taratibu, si kwa ajili yetu, kama anajiambia mwenyewe, "Kumbe boksi halibebi mpaka likunjwe." Akageukia wale waliokuwa wakimwita mwanawe Fundi Karatasi. "Na huyu mmemkunja vya kutosha. Ataendelea kusoma. Leteni maji ya kunawa."

Ndipo watu wote wakakaa, kila mmoja na kiti cha mwanawe, vingine vikabonyea, wakala hivyo hivyo wakicheka.

Tupo akasoma akamaliza, akawa fundi wa paa, kisha akafundisha vijana ufundi. Kila kijana aliyemjia akilia kwamba kazi imemkunja, alimwambia neno lile la baba. Wao wakalipeleka kwao, likazoeleka, na leo linasemwa na watu wasiojua hata boksi lilikuwa la nini.

Kwa hiyo, Lugano, lori lako lirudishe mezani kesho, ulikunje ndani, ndipo utie mawe. Boksi halibebi mpaka likunjwe.

Haya, mbona mnanitazama hivyo? Tupo, mbona hujapakua?

"Kaka, tumekaa zamani sana. Mkubwa ndiye bado amesimama mlangoni."

Ee, kumbe ni mimi. Basi nisogezeeni hicho kigoda. Nimekaa. Nawa mikono, Lugano, tule.