Siku Namsifu Alipokubali Kila Jina

“Mkunga husikiliza tumbo, hasikilizi mlango.” Hayo ndiyo maneno mliyorudi nayo kutoka kliniki. Mnasema muuguzi aliwaambia shangazi zenu walipokuwa wakimgombania dada yenu kwa ushauri, huyu anasema ale ndizi, yule anasema asile. Mmecheka weee, na sasa mnaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Imetoka hapahapa mlimani kwetu, na mimi nilikuwapo. Tena si kuwapo tu. Mkunga aliyesikiliza mlango nilikuwa mimi. Kaeni basi, na wewe uweke hiyo simu chini.

Methali hii ilianza hivi.

Miaka hiyo nilikuwa mama wa mtoto mmoja, Tenga, baba yenu mkubwa, na nilikuwa najifunza ukunga kwa Bi Nakijwa. Kazi yake haikuwa kuvuta watoto kama mnavyodhani. Alianza na mama tangu tumbo halijaonekana: anakula nini, analala vipi, anamwogopa nani ndani ya nyumba. Siku ya uchungu alimtembeza, akamkanda kiuno, akamnywesha uji, akamwacha achuchumae au apige magoti apendavyo mwenyewe. Lakini muda mwingi alikaa tu kwenye kigoda, kimya, kiganja chake kikiwa tumboni mwa mzazi. Kimya kile kilinichosha. Mara nyingine nilidhani mwalimu wangu anasinzia.

Basi alfajiri moja ya siku ya gulio, Namsifu mke wa Kajiru akashikwa na uchungu. Bi Nakijwa alikuwa na mdudu wa kidole; kidole cha shahada kimevimba, kinatoa usaha. Mkunga mwenye kidonda hagusi mzazi, hiyo ni sheria ya kazi, maana anaweza kumwambukiza akamuua. Akaniambia, “Nenda wewe. Mimi nashuka zahanati nikafungwe dawa, nikirudi nitapita. Weka mkono tumboni, usiuondoe.” Nikaenda kifua mbele, najiona mkunga kamili.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Nilimgusa, nikasikia uchungu unavyokuja na kuondoka, nikamwambia bado, atembeetembee. Alikuwa na mimba ya kwanza, na mtoto wa kwanza hana haraka. Lakini ilipofika saa tatu, mama mkwe wake, Mama Kajiru, alikuwa amesimama mlangoni na wanawake wa ukoo wamejaa nyuma yake. Hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuvurugika.

“Mama Tenga, mbona hasukumi?”

Nikamlaza chali, nikamwambia asukume.

“Mbona unamchosha mtoto wa watu?” akadakia mwingine.

Nikamwambia aache. Mmoja akasema apewe maji, mwenzake akasema maji yatamzamisha mtoto. Nikampa, nikamnyang’anya.

Kisha wakaanza kufungua. Kwetu mzazi akichelewa, kila kilichofungwa nyumbani hufunguliwa, ili na njia ya mtoto ifunguke. Wakafungua masanduku. Wakafungua vilemba. Wanaume uani wakafungua mikanda, na Mzee Mrutu, baba yake Kajiru, akawa anazunguka kashikilia suruali kwa mkono. Halafu mtu akakumbuka mbuzi. Mbuzi saba wakafunguliwa kamba, wakaingia moja kwa moja kwenye maharage ya jirani, jirani akaja na fimbo na matusi. Sasa nusu ya watu mlangoni wanazungumza uzazi, nusu wanazungumza maharage, na mimi ndani sijui nani kasema nini. Kila nililolisikia nililitenda. Nilikwenda mlangoni nikarudi kitandani, nikaenda tena nikarudi tena, mpaka saa saba mchana.

Namsifu alikuwa akilia, “Mgongo, Mama Tenga, mgongo wangu!” Nilimsikia. Ila mlangoni walikuwa na sauti kubwa zaidi.

Ndipo Mama Kajiru akaleta lile neno nililokuwa naliogopa. “Huyu ana jambo. Mtoto kafungwa na siri ya mama yake. Amtaje mtu wake.”

Ninyi desturi hii hamkuikuta, na ni heri. Zamani mwanamke akichelewa kuzaa, watu waliamini ametoka nje ya ndoa, na kwamba mtoto atakataa kutoka mpaka mama ataje jina la mwanamume. Akitaja, ndoa imekwisha. Asipotaja na mtoto akafa, ataambiwa amemuua kwa ukaidi wake. Kajiru alikuwa amekaa juu ya kinu uani, kichwa kakiinamisha. Alimpenda mkewe, kila mtu alilijua hilo, lakini hakufungua mdomo.

Mkunga mwenye akili angefunga mlango. Mimi nililibeba swali lile, nikainama sikioni mwa Namsifu. “Sema tu, mwenzangu, yaishe. Ni nani?” Hata leo naona haya kuwasimulia.

Akanitazama kama hanioni. “Sina mtu.”

“Anasema hana,” nikapeleka jibu.

“Muulize kama ni mwalimu wa kwaya.”

Nikauliza. Uchungu ukambana palepale. “Ndiyo!” akapiga kelele.

Watu wakaguna uani. Mtoto hakutoka.

“Basi kuna mwingine. Mwenye mashine ya kusaga?”

“Ndiyo!”

“Dereva wa lori la tangawizi?”

“Ndiyo! Mnamtaka nani? Ndiyo!”

Mtoto hakutoka. Yule jirani wa maharage, hasira hazijamwisha, akapaza sauti, “Muulizeni na Mzee Mrutu basi, si ndiye aliyefungulia mbuzi!” Nami nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba nikaliuliza na hilo. Namsifu akakubali. Mzee Mrutu akasahau suruali, ikashuka, na hakuna aliyecheka.

Kisha sauti ya mwanamke, ambayo mpaka leo sijui ilikuwa ya nani, ikasema, “Na Senkoro je, seremala aliyekuja kuwatengenezea kitanda?”

Senkoro ni babu yenu. Jina hilo sikulipeleka mimi; Namsifu alilisikia mwenyewe. Uchungu ulikuwa umempumzisha kidogo. “Ndiyo,” akasema, taratibu.

Nilisimama katikati ya chumba, kitambaa mkononi, sijui nakipeleka wapi.

Hapo Bi Nakijwa akafika, kidole chake kimefungwa bandeji. Akapenya katikati ya watu, akaingia, akausukuma mlango kwa kisigino ukafungika.

“Hali ikoje?”

“Wanasema ana siri,” nikajibu. “Wanasema hajui kusukuma. Wanasema...”

“Sikukuuliza wanasema nini. Tumbo linasema nini?”

Tangu saa tatu sikuwa nimeweka mkono pale.

“Amekojoa lini?”

Sikujua.

“Mtoto amelalaje?”

Sikujua.

“Mama Tenga, mkunga husikiliza tumbo, hasikilizi mlango. Hao wa mlangoni hawazai leo. Weka mkono.”

Sikusogea. “Bi Nakijwa, amemtaja Senkoro.”

Nilitamani aniambie ni uongo, angalau anidanganye. Hakusema hivyo. “Hilo limetoka mlangoni,” akasema. “Humu ndani kuna watu wawili wanaoweza kufa, mimi siwezi kuwagusa, na mikono iliyopo ni yako peke yako. Utawagusa au nikatafute mtu?”

Sijui niwaelezeje nilivyokuwa. Nilimchukia Namsifu, nikamhurumia, nikajichukia na mimi, yote kwa pumzi moja. Mikono yangu ilikuwa ya baridi. Nikaisugua kwenye kanga mpaka ikapata joto, kwa sababu mzazi haguswi kwa mkono wa baridi, kisha nikaiweka tumboni.

“Sema unachokigusa,” akaniagiza.

“Kitovuni kuna kibonde. Mbele nagusa vigoti na viganja. Mgongo wa mtoto siupati.”

“Huupati kwa sababu umeegemea mgongo wa mama. Ndiyo siri yenyewe hiyo. Nimemsikia toka uani akilia mgongo; bila shaka amewaambia tangu asubuhi. Chini je?”

“Juu ya kinena kuna uvimbe laini.”

“Mkojo. Mmemlaza chali siku nzima na kibofu kimejaa, mtoto apite wapi? Mwinue.”

Nikamwinua, akakojoa kwenye ndoo mpaka akatokwa na machozi ya nafuu. Tukamtandikia mkeka, akapiga magoti, akaegemeza viwiko juu ya kigoda, tumbo likaning’inia. Kila uchungu ulipokuja nilimkandamiza kiuno kwa kitako cha kiganja, naye akachezesha nyonga pole pole. Ulipoondoka nilimnywesha uji vijiko viwili vitatu. Bi Nakijwa akanipa kile kipembe chake cha mti cha kusikilizia watoto tumboni, nikakiweka tumboni na sikio juu yake, nikausikia moyo wa mtoto unakimbia sawasawa. Mara moja tu alifungua mlango, akawaambia vijana waandae machela. “Nikiona damu nyingi au maji ya kijani, tunashuka zahanati, na sitaki mjadala.”

“Anataja?” Mama Kajiru akauliza.

“Anazaa,” akajibu, akafunga.

Kukawa kimya. Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini Bi Nakijwa alipenda kukaa kimya. Uchungu mmoja ukaja mrefu, na chini ya kiganja changu nikahisi mtoto anajigeuza, kama mtu anayegeuka usingizini. Namsifu akavuta pumzi akasema, “Sasa.” Hakuna aliyemwambia asukume. Mwili wake ulijua. Alasiri jua likiwa bado kali, akazaa msichana, kipaji cha uso kimevilia kidogo, sauti ya kuamsha kijiji.

Kajiru aliingia, akapiga magoti kando ya mkeka, asiulize neno. Huko nje Mama Kajiru alijikuta mahali pagumu, kwani kama majina yale ni kweli, basi na yeye adai talaka kwa Mzee Mrutu. Akaamua kuyaacha yote kwa mkupuo. Siku chache baadaye alipoanza tena, mara mtoto hafanani na wa kwetu, Kajiru ndiye aliyemwambia mbele ya watu, “Mama, mkunga husikiliza tumbo, hasikilizi mlango.” Alikuwa ameyasikia maneno yale kupitia ubao wa mlango. Yakashika. Wakaanza kumwambia hata mzee wa baraza anayeamua kesi kwa kelele za uani bila kuutazama mpaka wa shamba.

Naona mnatazamana. Mnataka kuuliza habari za babu yenu, mnaogopa. Ulizeni tu.

Sikumuuliza. Siku ya arobaini nilikwenda kwa Namsifu nimekaza moyo, swali liko mdomoni. Akanishika mikono yote miwili, akalia, akasema siku ile hakumbuki lolote alilosema wala alilosikia, anakumbuka viganja vyangu kiunoni tu. Nikalimeza swali nikarudi nyumbani. Nikaishi na babu yenu miaka arobaini na mmoja, nikamzika. Yako majira lile “ndiyo” la taratibu hunijia, nikiwa nachambua maharage au nasali, na huchanganyikiwa upya kama siku ile nilivyosimama na kitambaa mkononi. Huumia, siwafichi.

Kisha najiuliza: siku ile, Mama Tenga, wewe ulijua nini? Nilijua mtoto ameegemea mgongo. Nilijua mama hajakojoa. Nilijua moyo mdogo unakimbia sawasawa. Hayo niliyapata kwa mkono wangu, na kwa hayo watu wawili walipona, na yule msichana ndiye muuguzi aliyewasemesha leo kule kliniki. Mengine yote, na jina la babu yenu likiwamo, niliyasikia mlangoni.

Mkunga husikiliza tumbo, wajukuu zangu. Hasikilizi mlango.