Kitambaa cha Nyamizi

Mwanamke mmoja alikuwa na mume mgonjwa wa kifua. Mwanamke huyo aliitwa Nyamizi, mumewe Maganga, na nyumba yao ilikuwa na taa moja tu, koroboi, inayokula mafuta na kutapika moshi. Kila jioni ikiwashwa, Maganga anaanza kukohoa. Daktari wa zahanati alimwambia Nyamizi waziwazi kwamba moshi ule utammaliza mzee. Lakini bila koroboi angempaje dawa gizani? Maskini, hakuwa na la kufanya.

Binti yao Kalunde, aliyeolewa mbali, aliposikia hayo akawaletea sola. Fundi akaifunga juu ya paa, akasema kioo kikae wazi juani, akaenda zake. Jioni ile taa ikawaka nyeupe, bila moshi, bila harufu, bila mtu kutumwa dukani na chupa. Maganga alikula ugali wake akaumaliza. Nyamizi alitoka nje akalia kwa furaha, maana moyoni alikuwa ameshaanza kujiona mjane.

Sasa sikilizeni alichofanya. Nyamizi alikuwa mtu wa vitambaa. Redio yake ilivaa kitambaa, viti vilivaa, hata mtungi wa maji ulivaa. Kwake yeye kitu cha thamani hakiachwi uchi, kitunze kidumu. Kalunde alipoondoka, mama akatazama paani, akaona kioo kinachomwa na jua na kujaa vumbi, roho ikamuuma. Maneno ya fundi aliyakumbuka, lakini wanaume, alijiambia, tangu lini wakajua kutunza vitu? Akaegemeza ngazi, akapanda na kitambaa chake kizuri kuliko vyote, alichokidarizi mwenyewe kwa ajili ya wageni, akakifunika kioo na kukaza kamba.

Msicheke. Yule mama alikuwa anapenda.

Taa ikafifia, kisha ikazima. Nyamizi akaamini jua limeshakiunguza kile kioo, na kwamba kosa lake ni kuchelewa kukifunika. Akapanda tena, akaongeza blanketi. Koroboi ikarudi mezani. Kikohozi nacho kikarudi, kikazidi, mpaka Maganga akawa hawezi kujinyoosha kitandani. Analala ameketi, ameegemea ukuta, mkewe amemshika mgongo.

Kalunde alipopata habari alikuja mbio. Kabla hajaingia ndani aliliona paa. Akamwita mama yake nje, akamwambia kwa upole, "Mama, hicho kioo hakiungui. Jua ndilo chakula chake, na wewe umekiziba mdomo."

 Nyamizi alipanda ngazi mwenyewe, akafungua kamba, akashusha blanketi, akashusha kitambaa. Kioo kilikuwa kizima, hakina hata mkwaruzo. Na jua lilikuwa pale pale, halijamnunia mtu, likamwaga mwanga wake kama siku zote. Jioni iliyofuata taa iliwaka. Maganga hakupona papo hapo, kifua kilichokula moshi miaka yote kinataka muda, lakini alijinyoosha akalala usingizi, na Nyamizi akakaa kando yake akimsikiliza anavyopumua.

Ndugu zangu, Nyamizi alimpenda mumewe, hilo halina ubishi, na kwa upendo huohuo nusura amzike. Na wewe uliyekifunika kwa heshima kile ulichopewa ukitumie, nyumbani kwako ni nani anayekohoa?