Mahindi ya Mgeni

"Asiyejieleza hupewa mahindi ya mgeni." Mmeisikia mkacheka, wanangu, na sasa mnauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na siku ile hakuna aliyecheka.

Mwaka ule mvua iliyakuta mahindi bado shambani. Kijijini Chihembe watu wakavuna mabichi, yakaota ukungu wa kijani maguniani. Ndipo akaja Dakta Kokusima, mtafiti wa mjini, kuwaeleza wananchi hatari ya ukungu huo. Saa nzima alionyesha picha ukutani, akataja "uchafuzi" na "vihatarishi". Neno sumu halikumtoka kinywani hata mara moja. Mwisho akasema, "Kila kaya inipatie sampuli, kilo moja."

"Msomi anaomba mahindi!" mwenyekiti akanong'ona. "Kumbe hata maofisini kuna njaa."

Wakapiga makofi kwa adabu.

Mbeleje, mama wa binti mmoja, Nyendo, alikuwa akiliogopa gunia lake. Lakini mgeni hapewi kibovu. Akafungua debe la mbegu, yale machache yaliyokaukia juu ya moshi wa jikoni, akachambua punje moja moja, akafunga kwenye kanga safi. Kijiji kizima kilifanya vivyo hivyo.

Baada ya wiki mbili majibu yakabandikwa: mahindi ya Chihembe ni salama. Mbeleje akashusha pumzi. Akasaga yale ya ukungu, akasonga ugali, akambembeleza Nyendo amalize.

Mwezi haukuisha. Macho ya mtoto yakawa ya manjano, tumbo likavimba. Kijiji kilizika watoto tisa, Nyendo akiwemo.

Dakta akarudi mbio, akamkuta Mbeleje kwenye mkeka wa msiba.

"Dakta, ulisema ni salama."

"Nilipima niliyopewa, mama. Ulinipa ya gunia lipi?"

"Nilikupa ya mbegu. Nikupe yenye ukungu, useme sikufunzwa kwetu?"

"Lakini niliomba sampuli!"

"Uliomba. Hukusema unatafuta sumu. Ungeniambia, 'Mama, nipe yale unayoyaogopa,' ningekubebea gunia zima kichwani."



Jibu lilitoka kwa wakubwa wake Dakta. Taarifa yao naikumbuka neno kwa neno: vifo vilitokana na "uelewa mdogo wa jamii". Wa jamii! Waliisoma mbele ya wafiwa, bila haya.

Mbeleje akasimama. "Mnayo kalamu," akasema. "Basi andikeni na hili: asiyejieleza hupewa mahindi ya mgeni."

Hawakuandika. Tukaisema sisi.