Pembe ya Mavumo Yatafuta Mikono

Hapo zamani, kabla redio haijajifunza kukohoa wala gazeti halijafungiwa maandazi, palikuwa na mji uitwao Mavumo. Sogeeni niwape habari zake. Na nyinyi wanaume msinikunjie uso mapema, subirini nifike.

Mavumo ulikuwa mji wa mpunga, umekaa bondeni kando ya mto. Juu ya mji palikuwa na tuta kubwa la udongo, na chini ya mji tuta jingine. Matuta hayo ndiyo yaliyouzuia mto usiingie mashambani na kwenye maghala. Likibomoka moja, watu wangelala njaa mwaka mzima.

Habari za mji huo zilitolewa kwa pembe. Mpiga pembe alikuwa Mzee Mwinyihaji, aliyeirithi kwa baba yake. Akipuliza, watu hunyamaza, naye hutangaza: nani, na nini. Mahali hakutaja, kwa sababu kila mwanamume alijulikana kwake.

Na mwanamke je? Mwanamke hakutajwa jina. Akizaa, mke wa fulani amezaa. Akivuna, mke wa fulani amevuna. Akifa, mke wa fulani amefariki. Na mume akiwa na wake wawili, basi "mke wa fulani" ni yule mkubwa, mdogo atajijua mwenyewe. Ndivyo walivyorithi, na hakuna aliyeuliza.

Sasa, Mzee Mbaruku alikuwa na wake wawili. Mkubwa ni Bi Mize, aliyekaa karibu na tuta la chini. Mdogo ni Mwanakombo, aliyekaa karibu na tuta la juu. Mwaka mmoja Mwanakombo alivuna mpunga mpaka mlango wa ghala ukakataa kufungwa. Pembe ikalia, Mwinyihaji akatangaza: "Mke wa Mbaruku ameshinda kwa mavuno." Watu wakamiminika kwa Bi Mize kumpa hongera, naye akazipokea. Mwanakombo alisikia shangwe kwa mbali, akaendelea kuanika mpunga wake.

Ikaja masika kali. Asubuhi moja Mwanakombo akapita kando ya tuta la juu, akaona maji yanatoka chini yake, na maji yenyewe yana matope. Mkulima wa mpunga haambiwi maana yake: tuta linaliwa kwa ndani. Akakimbia mpaka mjini, akamkuta Mwinyihaji kwenye nguzo inapotundikwa pembe.

"Shikamoo baba. Tuta la juu linavuja kwa chini, na yanatoka matope. Waite watu waje na majembe."

"Marahaba. Nimesikia, mwanangu."

Mwanakombo hakungoja. Akarudi mbio kwenye tuta lake kupambana na maji.

Mwinyihaji akapuliza, akatangaza kama alivyorithi: "Mke wa Mbaruku ameona tuta linavuja!"

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Wanaume wote wakabeba majembe, wakakimbia. Wakakimbilia wapi? Kwa Bi Mize, kwenye tuta la chini. Msicheke, hata nyinyi mngekimbilia huko huko.

Karibu na nguzo ya pembe alikuwako Kidawa, mfinyanzi, akianua vyungu vyake visinyeshewe. Alikuwa amesikia alichosema Mwanakombo, na sasa amesikia alichoacha Mwinyihaji.

"Mzee," akasema, "hukutaja tuta la juu. Wala hukumtaja aliyeliona."

"Binti, kazi hii sikuianza leo," akajibu Mwinyihaji. Akaitundika pembe, akachukua jembe, akawafuata wenzake.

Kidawa akabaki peke yake na ile pembe. Sheria ya Mavumo ilikuwa moja: anayeitia pembe mdomoni bila kukabidhiwa, anafukuzwa mjini siku ile ile, hata kuaga haagi. Na Kidawa alikuwa na nyumba, na tanuri, na mama mgonjwa ndani.

Kule tuta la chini, wanaume walikuta udongo umeshikamana imara. Bi Mize alikuwa barazani anapepeta mchele.

"Liko wapi linalovuja?" wakamwuliza.

"Mimi sikuona kitu, na sikusema kitu."

"Basi ndizo habari za wanawake hizo," akasema mmoja, wakaketi kupumzika, wakacheka.

Ndipo pembe ikalia tena. Haikulia vizuri, ililia kama ndama aliyepotea, lakini ililia. Ikafuata sauti ya mwanamke: "Mwanakombo binti Salehe, wa tuta la juu, ameona tuta linavuja! Mwanakombo binti Salehe! Tuta la juu!"

Wanaume wakasimama wote. Lakini hawakusimamishwa na tuta. "Mwanamke ameshika pembe!" wakasema. "Twendeni tukamkamate." Maji yanakula mji, wao wanakwenda kukamata mdomo uliowaambia. Nikifika hapa damu hunichemka kila mara, nisameheni.

Bi Mize akauweka ungo chini. Akachukua mchi wa kutwangia, akasimama katikati ya njia.

"Mama, nyamaza usituaibishe," akasema Mzee Mbaruku.

"Nimenyamaza vya kutosha. Mke wa Mbaruku aliyeona ni mwenzangu, si mimi. Na yale mavuno mliyonipa hongera yalikuwa yake, na nilijua. Haya, aibu yangu mmeshaisikia. Sauti ile naijua, ni ya Kidawa; anayetaka kumkamata apite kwenye mchi huu. Mwenye ghala anifuate juu."

Akatangulia. Wakamfuata, mwanzo kwa haya, kisha kwa mbio.

Walimkuta Mwanakombo ndani ya maji mpaka kifuani, ameliziba tundu kwa mikeka yake ya kulalia, na mgongo wake ameuegemeza juu ya mikeka ili isichukuliwe na maji. Wakashuka, wakashindilia udongo mpaka tundu likafa. Tuta likasimama. Maghala yakapona.

Watu walipokusanyika kwenye nguzo ya pembe, wazee walitaka kuanza na kosa la Kidawa. Mwinyihaji akawazuia.

"Kosa la kwanza ni langu. Niliwapa mbiu isiyo na mtu wala mahali, nikaupeleka mji mzima kwenye tuta zima. Kidawa hatoki hapa. Na pembe mimi siishiki tena. Apewe mmoja wa wanawake hawa, yeye na atakaowarithisha."

Pembe ina mdomo mmoja, na mikono iliyoistahili ilikuwa ya watatu. Wazee wakasema, kila mmoja aseme lake.

Mwanakombo akasimama, nguo bado zinachuruzika. "Habari ni yangu. Bila macho yangu, Kidawa angetangaza nini? Bila mgongo wangu, mngekuta mto umeshaingia. Nilianza kulegea mle majini, nikataka kutoka. Kisha nikasikia jina langu, jina la baba yangu nalo, linapita juu ya mashamba. Nikasimama tena. Mimi ndiye niliyeona, na mimi ndiye niliyetajwa. Pembe ni yangu."

Kidawa akasimama, mikono ina udongo. "Kwa kinywa chako mwenyewe umesema kilichokusimamisha. Kuona uliona, lakini habari yako iliishia kwa mtu mmoja, ikazikwa hapo. Mimi niliifukua. Mama yangu mgonjwa, na nilijua jioni ile huenda tukalala porini. Hata hivyo niliipuliza. Pembe wanapewa wanaothubutu kusema. Ni yangu."

Mmoja wa wazee akanong'ona kwamba hata kupuliza hajui. "Nitajifunza," akasema Kidawa. "Mzee Mwinyihaji naye hakuzaliwa anapuliza."

Bi Mize akasimama wa mwisho, ameegemea mchi. "Wanangu, mmesema vizuri nami najivunia nyinyi. Lakini mbiu ilisikika, na walioisikia walikuwa wanakwenda kumfunga aliyeipiga. Nani aliwageuza? Heshima niliyokuwa nayo katika mji huu ni moja, kuitwa mke wa Mbaruku. Niliivua mbele ya watu wote. Nyinyi mlipigania jina, mimi nilitoa langu. Asiyeona haya kusema ukweli unaomwumbua mwenyewe, huyo ndiye wa kuaminiwa habari za watu."

"Lakini miaka yote ulinyamaza," akasema Mwanakombo.

"Ndiyo," akasema Bi Mize. "Kwa hiyo najua kunyamaza kunagharimu nini."

Watu wakageuka huku na huku. Kila upande waliotazama, waliona aliyestahili, na wanawake wa Mavumo wakatazamana wameinua vichwa.

Sasa Mzee Mwinyihaji ameitungua pembe kwa mara ya mwisho. Lazima atangaze nani anairithi, na safari hii lazima aseme jina, jina la mwanamke, na la baba yake, na la mahali pake. Amekwisha kuvuta pumzi. Je, wasikilizaji wangu, amtaje nani?